Anayefunga Kamba Asisemeshwe

Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ukuta wa kukwea mwenzangu aliponishika mkanda wa kiuno na kunirudisha chini. Fundo langu lilikuwa zuri, lakini kamba nilikuwa nimeipitisha kwenye tundu la mapajani la hanesi (mikanda ya mkwea ya kiunoni na mapajani) peke yake, la kiunoni nikaliruka. Nilikuwa nafunga huku nikimsimulia mambo ya kazini. Na sikuwa mgeni, huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa kukwea.

Mgeni ana woga, na woga humfanya aangalie mara mbili. Mimi nawaogopea waliozoea. Mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, Mmarekani Lynn Hill, mmoja wa wakweaji hodari kuliko wote duniani, alianza kufunga kamba kisha hakumalizia fundo. Alipofika juu na kuegemea ili ashushwe, kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, akaokolewa na matawi ya mti.

Tangu siku ile tuna sheria moja: anayefunga kamba haongei wala hasemeshwi. Akikatizwa, anafungua yote na kuanza upya.

Kisha tunakaguana, kwa macho na kwa vidole. Mkanda wa hanesi ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukivutika kwenda chini, haujabana. Fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8, liwe na kamba mbili zinazokwenda sambamba mwanzo hadi mwisho, bila kupandana, na mkia usiwe mfupi kuliko upana wa kiganja. Halafu namgeukia yeye anayenishikia kamba. Je, kamba imeingia kwenye kifaa cha breki, kile kinachoibana nikianguka, kwa upande unaotakiwa? Naivuta kwa ghafla nione kama inashika. Karabina, kile kiungo cha chuma chenye mlango, naibinya: mlango ukifunguka, kufuli lake halijafungwa.

Mkono wa breki, yaani ule wa mshika kamba unaoshika upande unaotoka kwenye kifaa, hauiachi kamba, hata kama kifaa ni cha kujibana chenyewe. Mtu akiiachia ili ashike simu wakati niko juu, sikwei naye tena, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja.

Uzito nao tulijifunza kwa maumivu. Mwenzangu ana kilo 85, mimi 58. Mara ya kwanza alipoteleza, mimi ndiye niliyepaa, bega likagonga ukuta. Siku hizi najifunga kwenye mfuko wa mchanga uliowekwa sakafuni na nasimama karibu na ukuta, maana ukisimama mbali utaburutwa kabla ya kuinuliwa. Kama mmepishana sana kwa uzito, waulizeni wahudumu wa ukumbi wana nini cha kuwasaidia.

Maneno tumeyapunguza yakabaki matatu: "kaza", "legeza", "nishushe". Muziki ukiwa juu hata hayo hayasikiki, kwa hiyo siachii ukuta mpaka nihisi kamba imenivuta kiunoni.

Pete vua. Ikinasa kwenye kishikio wakati unaanguka, inaweza kuondoka na ngozi ya kidole.

Ukipata mwenza mpya, usikimbilie juu. Panda mita tatu hivi, mwambie akaze, kaa kwenye kamba, akushushe polepole. Badilishaneni. Akikushusha kwa mishtuko, rudieni pale pale chini mpaka mkono wake utulie.