Maswali ya Wasomaji: UNIX ndani ya meinifremu

Swali: Najifunza kusimamia z/OS, mfumo endeshi wa meinifremu (kompyuta kubwa) za IBM, kwa mbali. Nimetuma skripti kwa sftp kutoka kwenye laptopu. Nikiiendesha inakataa, nikiifungua kwa cat naona takataka tupu. Faili limeharibika njiani?
*Msomaji, Nkuhungu, Dodoma*

Jibu: Halijaharibika, ndugu yetu. Limefika zima, ila kwa mwandiko ambao sheli ya z/OS haiusomi. Laptopu inaandika herufi kwa namba za ASCII; UNIX ya z/OS inatumia namba nyingine, EBCDIC, jedwali la IBM-1047, na sftp husafirisha baiti kama zilivyo. Tazama alama mbili za mwanzo wa skripti, #!. Katika faili lako ni 23 21 kwa heksadesimali, wakati sheli inatafuta 7B 5A. Kinyume chake, skripti ya z/OS ikifunguliwa kwenye laptopu bila kugeuzwa huanza na {Z. Ukiiona {Z hiyo, ugonjwa umeshaujua.

Ligeuze hivi:

iconv -f ISO8859-1 -t IBM-1047 safisha.sh > safisha2.sh

Usielekeze matokeo kwenye jina lilelile: sheli hulifuta faili kwanza, iconv ikifika haikuti kitu. Kama uliandikia Windows, ondoa pia alama ya ziada mwishoni mwa kila mstari kwa tr -d '\r', kisha ulipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x. Wengi hukimbilia chtag wakidhani inageuza maandishi. Haigeuzi hata baiti moja; inabandika lebo tu, na lebo ya uongo huleta balaa baadaye. Kagua lebo kwa ls -T.

Swali: Mtumiaji JUMA nimempa UID (namba ya mtumiaji wa UNIX), lakini akiandika OMVS, amri ya kuingia UNIX, kwenye TSO (skrini ya amri ya z/OS) bado anazuiwa. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Kondoa*

Jibu: Angalia kundi lake. RACF, programu ya usalama ya z/OS, inataka UID kwa mtu na GID (namba ya kundi) kwa kundi analoingilia. Moja ikikosekana, ujumbe ICH408I kwenye logi utasema sehemu ya OMVS haijakamilika. Amri ni hizi:

ALTGROUP MAFUNZO OMVS(GID(600))
ALTUSER JUMA OMVS(UID(5012) HOME('/u/juma') PROGRAM('/bin/sh'))

Hakikisha kwa LISTUSER JUMA OMVS NORACF na LISTGRP MAFUNZO OMVS NORACF. Kama /u haiko chini ya automount (huduma inayopachika saraka za watumiaji yenyewe), tengeneza saraka /u/juma na umpe umiliki kwa chown. Kisha atoke TSO, aingie upya.

Tunakusihi, usimpe UID(0) ili mambo yaende haraka. Mwenye sifuri hazuiwi na ruhusa za mafaili, na watu wawili wakiwa nayo huwezi kuwatofautisha kwa umiliki wa faili. Anayehitaji mamlaka mpe READ kwenye BPX.SUPERUSER ya darasa la FACILITY, ufanye SETROPTS RACLIST(FACILITY) REFRESH, naye atumie su (amri ya kuchukua mamlaka hayo) anapohitaji tu.

Swali: Nikiweka Hercules kwenye laptopu nitapata UNIX hii?
*Mwanafunzi, Dodoma mjini*

Jibu: Hapana. Hercules huigiza mashine tu, MVS 3.8j (toleo la zamani la MVS, mtangulizi wa z/OS) inayopatikana bure ni ya kabla UNIX haijaingizwa MVS miaka ya 1990, na z/OS ina leseni. Linux ya s390x, yaani ya meinifremu, itakubali, lakini RACF hutaiona. Jiandikishe IBM Z Xplore, mafunzo ya mtandaoni ya IBM: ni bure, unaingia kwa kihariri cha VS Code, na hapo utakutana na z/OS yenyewe.