Liwa, ndimu na madoa ya uso

SWALI: Shikamoo dokta. Nina madoa yaliyoachwa na chunusi. Bibi yangu hapa Tanga hukoroga liwa kwa maji ya waridi, lakini mimi niliambiwa nikoroge kwa ndimu nipate vitamini C. Nimepaka wiki mbili. Uso unawasha, na shavuni pametokea baka jeusi kuliko yale ya mwanzo. Nizimue ndimu kwa maji kiasi gani? Au niongeze magadi kidogo kupunguza ukali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kipimo cha maji sitakupa. Acha ndimu kabisa, kuanzia leo.

Ngozi ya uso ina asidi hafifu, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, ukali unazidi). Ndimu ni karibu 2. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, hivyo unapaka kitu chenye ukali wa mara elfu moja hivi. Ukitia vijiko 9 vya maji kwenye kijiko kimoja cha ndimu, pH itapanda kama nusu hatua tu. Na hiyo vitamini C? Mililita 100 za ndimu zina takriban miligramu 30. Seramu ya vitamini C ya asilimia 10, yaani dawa ya maji ya kupaka usoni, ina gramu 10 kwa ujazo uleule.

Lakini baka lako linanipa hofu nyingine. Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali ziitwazo furokumarini. Zikibaki kwenye ngozi, kisha jua likapiga, miale yake isiyoonekana, iitwayo UVA, huziamsha na ngozi huungua. Haiungui papo hapo: wekundu au malengelenge hutokea baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana watu wengi hawaishuku ndimu. Kinachofuata ni weusi unaoweza kukaa miezi. Ngozi nyeusi kama zetu, ikijeruhiwa hata kidogo, hutoa melanini, yaani rangi ya ngozi, kwa wingi mahali hapo.

Magadi hayakusaidii. Yatapoza asidi, furokumarini zitabaki palepale. Yakizidi, uso utakuwa na alkali, ukauke na kupasuka.

Kwa sasa nawa kwa maji mengi na sabuni laini, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato, na uvae mtandio au kofia pana ukitoka. Ngozi ikitulia, anza losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kiwango cha kinga, huandikwa kwenye chupa) kila asubuhi. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya madoa, ingawa wengi huiona ya anasa. Kisha muulize mfamasia krimu ya kufifisha madoa yenye asidi ya azelaiki au niasinamidi, na uipe miezi mitatu. Liwa ya bibi, kwa maji ya waridi, unaweza kuirudia muwasho ukiisha. Ijaribu kwanza kwenye mkono.

Malengelenge yakitokea usiyatumbue. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.