Kwa mnaojiunga na kikundi chetu cha maigizo ya Pride

Ndugu wapya, nimesimamia jukwaa la kikundi chetu hapa Toronto kwa misimu kadhaa ya Pride, sherehe za kila mwaka za mashoga na wenzao, na ningependa mpate kwa wepesi yale ambayo mimi niliyapata kwa machungu. Kazi yetu ni kuchukua visa vya kweli vya mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia, na kuviigiza mbele ya majirani zao wakati mji mzima unasherehekea. Kila kisa kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo ataketi safu ya pili akiwatazama. Kishikeni kama amana.

Mtu akikubali kuwasimulia, hajakubali bado kuigizwa. Na akikubali kuigizwa, hajakubali kupigwa picha, kuchapishwa wala kuwekwa mtandaoni. Ombeni idhini kwa kila hatua, na msomeeni andiko zima kabla ya mazoezi kuanza. Nilijifunza hayo kwa dada mmoja kutoka Afrika Mashariki, aliyetukabidhi kisa chake kwa sharti kwamba asitambulike. Tulibadilisha jina lake, mji wake na kazi yake, lakini nikaacha jina la kanga ambayo mama yake alimfunga mabegani siku alipoondoka nyumbani, kwa kuwa maneno yale yalinigusa mno. Tena ni mimi niliyeyachapisha kwenye jalada la kijitabu cha programu. Usiku wa kuamkia onyesho la kwanza alikishika kijitabu kwa mikono miwili, akasoma, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Kanga hii shangazi zangu wote wanaijua." Tulikaa sakafuni watu wanne hadi saa saba usiku, tukifuta mstari ule kwa makapeni nyeusi, nakala baada ya nakala, na mwigizaji wake akalazimika kujifunza maneno mengine alfajiri.

Msiseme kwamba aliogopa bure. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 imeweka kifungo cha maisha kwa ngono ya watu wa jinsia moja, na hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na sheria ya Kenya inataja kifungo cha hadi miaka 14. Hata pale ambapo polisi hawafiki, picha moja iliyopigwa kwa simu ukumbini inaweza kufika kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla pazia halijafungwa. Ndiyo maana mlangoni tunawaomba watazamaji wazime simu, na msione haya kulirudia ombi hilo.

Wasikilizeni wazee pia. Usiku wa tarehe 5 Februari 1981 polisi wa mji huu walivamia nyumba nne za kuogea ambamo mashoga walikuwa wakikutana, wakakamata karibu wanaume 300, na usiku uliofuata maelfu ya watu wakaingia barabarani kupinga. Tulipokuwa tukiandaa onyesho kuhusu usiku huo, kijana wetu aliigiza mtu anayepiga kelele na kurusha mikono, hadi mzee mmoja aliyekuwapo akasimama polepole na kuomba tusitishe. Alieleza kwamba pale aliposimama yeye hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu kila mtu alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake. Tuliigiza hivyo, kimya, watu wazima wakipapasa sakafu kutafuta viatu, na sijaona tena ukumbi ukitulia namna ile.

Kuhusu ratiba nitasema machache. Msipange onyesho Jumamosi wala Jumapili ya mwisho wa sherehe, kwa maana waigizaji wenyewe watakuwa kwenye maandamano, na muziki wa mtaa wa Church hupenya ukuta wowote. Nendeni pia mkatazame maonyesho ya Buddies in Bad Times, kampuni ya maigizo iliyoanzishwa mwaka 1979, mwone wenye uzoefu wanavyofanya.

Jambo ninalolisisitiza kuliko ratiba ni kwamba msilete mateso peke yake. Anayekuja ukumbini wakati wa Pride anastahili kuona pia mapenzi ya kawaida: wanawake wawili wazee wakibishana kuhusu chumvi katika mchuzi, au wanaume wawili wakitafuta tai siku ya ndoa yao, haki ambayo jimbo la Ontario liliitambua Juni 2003. Mpeni mchuzi ule muda uleule mnaoupa msiba.

Na onyesho la mwisho likiisha, kabla hamjakunja maleba, rudisheni kwa mikono yenu picha, barua na nguo za watu mlizoazima, kisha mfute rekodi za mahojiano mbele ya waliowasimulia, isipokuwa atakayewaambia mwenyewe kwamba mumtunzie yake.