Muulize Fundi: Uongozi mpya unataka kuandika programu upya, tubaki au tuhame?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mkutubi, tunatumia programu huria ya maktaba miaka mingi sasa, sura yake imezeeka lakini kazi inafanya. Yule jamaa aliyeianzisha ametangaza anapumzika, kuna timu mpya imeshika usukani, na tangazo lao la kwanza kabisa ni kwamba kodi yote ya zamani (yaani maandishi yanayoiendesha programu, siyo kodi ya serikali) inawekwa pembeni wanaandika upya kuanzia sifuri, eti itakuwa nyepesi, itakaa vizuri kwenye simu na itakuwa salama zaidi. Bosi wangu kafurahi, mimi nimeingiwa na hofu. Nifurahi naye au nianze kutafuta programu nyingine? *Mkutubi Mwenye Mashaka*

JIBU: Salama mkutubi. Mwambie bosi asubiri kidogo kupiga vigelegele, na wewe usianze kufunga virago. Hapo kuna habari mbili zimefungwa kwenye tangazo moja na watu wengi wanazimeza kwa pamoja, uongozi umebadilika na kodi inatupwa. Ya kwanza mi sina shida nayo kabisa, ya pili ndo ya kuikodolea macho.

Mwanzilishi kuondoka siyo msiba. Guido van Rossum aliyeanzisha Python, lugha ya kuandikia programu, alijiuzulu Julai 2018, kachoshwa na mabishano ya pendekezo moja tu la lugha, na hakuacha mrithi, aliwaambia wenzake jipangeni wenyewe. Wakajipanga kweli, wakachagua baraza la watu watano, linachaguliwa upya kila toleo jipya la lugha, na wakaweka sharti kwamba kampuni moja haiwezi kuwa na zaidi ya watu wawili humo ndani. Python haikuyumba. Kwa hiyo kuhusu timu mpya swali langu siyo ni wazuri au wabaya, ni je, wamechaguliwa vipi na wanaweza kuondolewa vipi, kama hilo limeandikwa mahali basi poa.

Sasa huku kwenye kuandika upya. Mfano unaotajwa kila siku ni Netscape, kampuni iliyotengeneza brauza (programu ya kufungulia kurasa za mtandao), na unatajwa kwa haki. Januari 1998 walitangaza wanaiweka wazi kodi ya brauza yao, tarehe 31 Machi wakaitoa kweli, ikifika Oktoba mwaka huohuo wakaamua injini ya zamani ya kuchora kurasa haifai, itupwe, waanze mpya. Toleo la 5 halikuwahi kutoka. La 6 limekuja kutoka Novemba 2000, tena likiwa zito na bichi, na muda wote huo brauza ya Microsoft, Internet Explorer, ilikuwa inawala sokoni polepole maana mtumiaji hasubiri mtu bana. Ili tusidanganyane, kwenye kazi hiyohiyo ndo ilikuja kuzaliwa brauza ya Firefox, toleo la 1.0 likatoka Novemba 2004, kwa hiyo siyo kwamba jasho lote lilimwagika bure, ila aliyekuwa anaitegemea Netscape mwaka 1999 hiyo Firefox ya 2004 haikumsaidia chochote.

Ngoja nikuoneshe kwa karibu kwa nini huwa inachelewa kuliko wanavyoahidi. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, maana yake mwanachama wako aliyezaliwa 1962, tarehe yake ya kuzaliwa ikihifadhiwa hivyo inakuwa namba hasi. Sasa kwenye programu iliyokula miaka kama yenu utakuta sehemu kuna mstari mmoja umekaa kiajabuajabu, unasema namba ikiwa hasi usiikatae, endelea. Hauna maelezo, hauna uzuri wowote, upo hapo kwa sababu zamani kuna mkutubi mwenzako alilalamika wazee hawasajiliki. Developa mpya anaanza na ukurasa mweupe, anaandika ukaguzi safi kabisa kwamba tarehe lazima iwe kubwa kuliko sifuri, anajaribu kwa data ya kwake, ya vijana watupu, inapita. Siku mnahamisha data zenu wazee wote wanagoma kuingia. Zidisha hilo mara mamia, maana kodi ya zamani imejaa vijimstari vya namna hiyo na kila kimoja ni shida ya mtu fulani iliyotatuliwa, ndo maana mtu akiniambia kodi ile ni takataka tupu huwa namuuliza ameisoma yote au ameangalia tu ikamchosha.

Kuna njia nyingine, kubadilisha kipande kwa kipande huku programu inaendelea kutumika. Firefox wenyewe baadaye walipita hapo, toleo la 57 la Novemba 2017 waling'oa injini ya mitindo ya kurasa peke yake (sehemu inayoamua rangi na mwonekano) wakaweka mpya iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, kwingine kukabaki. Inachosha, haina tangazo la kuvutia, lakini kila mwezi watu wana programu inayofanya kazi. Kama timu yenu mpya haijaeleza kwa nini njia hii haiwezekani kwao, hilo ndo swali la kwanza kuwauliza.

Kwa sasa usiache mbachao kwa msala upitao. Baki kwenye toleo la zamani, waandikie hao viongozi uwaulize toleo hilo litaendelea kupata marekebisho ya usalama mpaka tarehe gani na nani hasa kwa jina atayafanya (maana "tutaendelea kuliangalia" siyo jibu), na je, data zitahama zenyewe au utaandika rekodi moja moja kwa mkono. Halafu leo hiihii hakikisha unaweza kutoa katalogi yako yote kwenye faili la kawaida nje ya hiyo programu, jaribu kulifungua kabisa, siyo kuamini tu. Ukishakuwa na hilo faili mkononi hofu yote hiyo inapungua nusu, wakifanikiwa unaenda nao, wakishindwa unabeba vitu vyako.

SWALI: Mkuu shikamoo. Mi niko upande wa pili, nimeandika plagini tatu (vijiprogramu vya kuongezea uwezo) za mradi huria ambao nao umetangaza mambo ya kuandika upya, plagini zangu zinatumiwa na watu kibao na silipwi hata senti. Wamesema mfumo wa plagini utabadilika wote. Ndo nishapoteza kazi yangu? *Developa wa Usiku*

JIBU: Marahaba kijana. Kodi yenyewe kuna uwezekano mkubwa ndiyo, imekwenda. Ileile Firefox 57 niliyoisifia hapo juu ndo iliyozima nyongeza zote, yaani plagini za brauza, za mfumo wa zamani kwa mpigo, na baadhi hazikurudi tena kwa sababu mfumo mpya haukuwa na mlango wa kufanyia kile zilichokuwa zinafanya, siyo kwamba wenyewe walikuwa wavivu.

Ila usikimbilie kuandika upya wiki hii. Wiki hii mfumo mpya bado uko kwenye makaratasi, ukiandika leo utaandika tena baada ya miezi kadhaa. Kinachokufaa sasa hivi ni kwenda kuwaambia plagini zako zinahitaji nini, yaani kwa undani, plagini hii inasoma kitu gani, inaandika wapi, inaitwa saa ngapi, wakati bado hawajamwaga zege. Wakishatoa toleo la majaribio utakuwa umechelewa, watakwambia itakuja baadaye, na hiyo baadaye we unaijua.

Na wadai wakupe kipindi cha plagini moja kufanya kazi pande zote mbili. Hilo Python walilijua kwa maumivu, Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikavunja vitu makusudi, hata print tu, amri ya kuonesha maandishi, ilibidi uanze kuiwekea mabano, na namna ya kushika maandishi ikabadilika. Walitegemea watu wapitishe kodi zao kwenye kifaa cha kubadilisha halafu wahame moja kwa moja, watu wakakaa walipokuwa. Kilichokuja kuwasogeza ni pale ilipowezekana kuandika kodi moja inayokwenda kote, mpaka toleo la 3.3 la mwaka 2012 wakarudisha ile alama ya u mbele ya maandishi waliyokuwa wameiondoa wenyewe, ili tu kuhama kuwe rahisi. Toleo la 2.7, la Python ya zamani, lililopangwa kuachwa 2015 likasogezwa hadi Januari 2020. Huo ni mradi wenye jeshi la watu, sasa mradi wa watu wanne wakikwambia miezi sita, we cheka tu kimoyomoyo.

Kuhusu kutolipwa, hilo ni zito na lina nafasi yake siku nyingine. Kwa leo jua tu kwamba hudaiwi na mtu, ukitaka kusimama andika kwenye ukurasa wa plagini kwamba hutaipeleka toleo jipya na anayetaka aichukue.

SWALI: Fundi, nitajuaje kwamba hawa viongozi wapya siyo wezi? Nasikia kuna mradi ulichukuliwa hivihivi. *Asiyelala*

JIBU: Ulichosikia ni xz nadhani, na kilitokea kweli. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko ndani ya karibu kila Linux (mfumo huria unaoendesha kompyuta na seva nyingi), mtunzaji wake alikuwa mmoja tu, wa kujitolea, tena alishasema wazi kwamba kalemewa na afya yake siyo nzuri. Akatokea mtu anajiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho mwishoni mwa 2021, mazuri tu, huku akaunti nyingine zinazotiliwa shaka zikimsakama mtunzaji kwamba anachelewesha mambo, aongeze mtu. Akaongezwa. Mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani. Aliyekuja kuugundua ni Andres Freund, developa wa PostgreSQL (programu huria ya kuhifadhi data), aliona kuingia kwenye mashine kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta nyingine kutoka mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida akasema hapana, hii siyo bure, akaanza kuchimba, tarehe 29 Machi 2024 akaiweka hadharani. Nusu sekunde! Sisi wengine tungelaumu mtandao tu tukaendelea na chai.

Sasa sikiliza kilichonifundisha zaidi. Kodi iliyokuwa inaonekana na kila mtu na furushi (faili la toleo) lililotolewa watu walipakue havikuwa sawa, skripti iliyowasha ule mlango ilikuwa kwenye furushi peke yake. Kwa hiyo usihangaike kupima sura na tabia za viongozi wapya, maana Jia Tan tabia yake ilikuwa safi kuliko ya wengi. Angalia je, toleo linatengenezwa hadharani na mashine ambayo mtu yeyote anaweza kurudia akapata kitu kilekile, au kuna mtu mmoja analipika nyumbani kwake halafu analipandisha. Angalia pia kama mabadiliko yanapitiwa na mtu wa pili kabla hayajaingia. Na mradi ukianza kusema huu uandishi mpya tutaufanya kwanza faraghani halafu tutawaonesha ukiiva, hapo mi naondoka.

SWALI: Si leseni inaturuhusu? Tuchukue kodi ya zamani tuendelee nayo wenyewe, hao wapya wabaki na ndoto zao. *Tumechoka*

JIBU: Inawaruhusu. Kodi mnaondoka nayo, jina hamwondoki nalo. Waliotoka OpenOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Oracle, tarehe 28 Septemba 2010 walitamani Oracle iwaachie jina, haikuwaachia, wakabaki na LibreOffice, na mwaka uliofuata Oracle ikaipeleka OpenOffice kwa Apache, taasisi inayolea miradi huria. Leo LibreOffice ndo yenye uhai lakini bado kuna watu wanapakua ile nyingine kwa sababu ya jina tu. Halafu hesabuni mko wangapi mnaoandika kodi, siyo wangapi mnaolalamika. Kama ni wawili msianze.

Na kujitenga siyo lazima kuwe talaka. Waliochomoka Node.js (mfumo wa kuendeshea programu za JavaScript nje ya brauza) Desemba 2014 wakaanzisha io.js walikuwa wamechoka kama nyie, Septemba 2015 pande mbili zikaungana tena kwenye Node 4.0, na utaratibu wa uongozi uliotumika baada ya hapo ni ule wa waliochomoka.

SWALI: Sijui kodi hata kidogo, natumia tu. Nina cha kuchangia? *Mtumiaji wa Kawaida*

JIBU: Unacho, tena wanakihitaji kuliko wanavyosema. Toleo la majaribio likitoka chukua nakala ya data zako, iweke kwenye kompyuta ya pembeni, fanya kazi zako za siku kama kawaida. Kikiharibika kitu usiandike "haifanyi kazi", andika ulibonyeza nini, ulitegemea nini, kikatokea nini, na toleo namba ngapi. Ila majina na namba za simu za watu wako yafute kabla hujabandika picha ya skrini, watu wanasahau hilo kila siku.