Rusha sarafu kabla hujaingia majini

Wanafunzi wa takwimu hunijia daftari limeshajaa namba, wanataka niwaambie watumie jaribio gani la kitakwimu. Mimi huwauliza: uliamuaje kipi kipate nini? Wengi hunyamaza. Nami niliwahi kunyamaza hivyo hivyo.

Nilikuwa mwaka wa pili, nataka kujua kama mwani hukua zaidi kamba ikifungwa shubiri tatu juu ya mchanga kuliko shubiri moja. Nikaenda Jambiani, Unguja, kwa shangazi yangu, mkulima wa mwani wa miaka mingi. Tukapima mbegu, kila kamba uzito sawa, kumi za juu na kumi za chini. Za juu zote nikazitia upande wa mkondo, maana vigingi virefu vilikuwa vimeshachomekwa huko. Baada ya wiki sita za juu zikazipita za chini kwa mbali, thamani ya p chini ya 0.01, yaani bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa hivyo chini ya mara moja katika 100. Nikampelekea shangazi habari njema. Akacheka, mikono bado imo kwenye mwani anaouanika.

"Mwanangu, pale mkondoni hata ukifunga ufagio utaota."

Hesabu yangu haikuwa na kosa. Lakini urefu na mkondo vilikwenda pamoja kila mahali, na hakuna fomula ya kuvitenganisha baadaye. Ronald Fisher, aliyelijenga sana somo hili akiwa kwenye mashamba ya utafiti ya Rothamsted, Uingereza, alisema mwaka 1938 kwamba kumwita mtakwimu jaribio likishakwisha ni kama kumwita apasue maiti. Labda atakwambia limekufa kwa nini.

Mara ya pili nikapanga jozi: sehemu kumi, nyingine mkondoni, nyingine karibu na ufukwe, kila sehemu kamba mbili jirani. Ipi iwe juu? Sarafu ya mia, usiku, barazani, na majibu nikayaandika kabla ya bamvu, siku maji yanapokupwa sana. Usiirushe ukiwa majini. Maji yanarudi, mgongo unauma, mkono utachagua kigingi kilicho karibu.

Hesabu yake ni ya kalamu tu. Nadharia tete tunayoijaribu inasema urefu haubadilishi kitu, basi kila jozi ni nusu kwa nusu kama sarafu. Nilishaandika mapema kwamba nategemea za juu zishinde, na zilishinda jozi 8 kati ya 10. Matokeo yanaweza kujipanga kwa njia 1,024, na zenye ushindi wa 8 au zaidi ni 45 + 10 + 1, yaani 56. Asilimia 5.5. Hiyo si nafasi ya kwamba urefu hausaidii. Maana yake, ingekuwa hausaidii, bahati peke yake ingeleta ushindi kama huu au mkubwa zaidi mara 5 au 6 katika 100.

Na mpaka wa darasani ni 5; ukizidi hapo, matokeo hayahesabiwi kuwa ushahidi wa kutosha!

Katika jozi mbili zilizoshindwa, moja kamba yake ya juu ililiwa na tasi, samaki wala mwani. Nikiitoa jozi hiyo inabaki 8 kati ya 9, njia 10 katika 512, haifiki hata asilimia 2. Nilikaa na kifutio mkononi muda mrefu. Sikuwa nimeandika popote kwamba kamba ikiliwa itatolewa, na nani ajuaye, pengine tasi huzipenda zaidi za juu, basi kuliwa nako ni sehemu ya jibu.

Nikaandika 5.5, na habari ya tasi nikaieleza chini yake. Alama zilikuwa za kawaida. Daftari hilo ninalo bado, ukurasa wa kwanza una safu moja tu: juu kulia, juu kushoto, juu kushoto, mpaka kumi.