Muulize Fundi: Kisu cha kumenya matoke

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Mbale, mama ana hoteli ndogo na kila asubuhi anamenya matoke mengi sana, visu anavyonunua vinapinda ovyo. Nataka nimtengenezee kimoja kwa mkono wangu. Nimeshachora, bapa sentimita 25, mgongoni meno ya msumeno, nimepata na kipande cha springi ya lori. Nataka kimenye matoke, kichinje kuku na kiende shamba. Nianze kukata?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usikate bado. Hapo umechora visu vitatu ukavibandika pamoja na yule atakayeumia ni mama. Chagua kazi moja, na kazi umeshaitaja mwenyewe, ni matoke.

Kaa jikoni umwangalie akimenya, usimwambie kitu, angalia mkono tu. Ndizi anaishika hewani, haiko kwenye ubao, kwa hiyo bapa halihitaji kuwa pana, na ile sehemu inayofanya kazi kweli ni ile fupi karibu na mpini, ncha haiguswi karibu kabisa. Sentimita 10 au 11 za bapa zinamtosha. Alafu angalia kidole kinakaa wapi, utakuta kinakandamiza mgongo wa kisu muda wote, sasa wewe umeweka meno ya msumeno palepale! Toa hayo meno, mgongo usugue na msasa mpaka uwe mviringo, hiyo peke yake atakushukuru.

Ukishajua hayo chora upya kwa saizi kamili kwenye boksi, ukate, umpe ashike. Mpini upime kwa kiganja chake yeye sio chako. Boksi likikubali kata kingine cha mbao ukipe unene wa mpini, amenye nacho hewani kama mchezo, pale anapokisogeza-sogeza mkononi weka alama ya kalamu, ndio pa kupunguza.

Springi ni chuma kizuri, kina kaboni ya kutosha kuzimwa (kuchovywa kikiwa chekundu kwa moto) kikawa kigumu (nondo kwa kawaida haina, usidanganywe), lakini ya lori mara nyingi inafika milimita 10 na kuendelea, kuishusha mpaka 2 kwa grainda ni kuchoma umeme na mawe bure. Iweke, itatoka panga la shamba, na kabla ya kuifua itazame vizuri maana springi iliyotumika inaweza kuwa na nyufa ndani. Kwa kisu cha mama tafuta msumeno wa mbao wa zamani, ule wa mkono, unene wake karibu milimita 1 na umeshafanywa mgumu kiwandani. Unakata na kusugua polepole huku unachovya kwenye maji, kikishakuwa moto hadi hukishiki kwa mkono mtupu simama, ukiona rangi ya bluu kwenye makali ugumu wa hapo umepungua. Matundu ya ribiti (vile vipini vya chuma vinavyokaza mpini) yatakusumbua, biti ya drili inateleza tu, kwa hiyo sehemu ya mpini ipashe moto ilainike, makali yakiwa ndani ya maji. Na pale bapa linapokutana na mpini usiache kona kali, ufa unaanzia hapo, zungusha.

Mwambie mama utomvu wa matoke utakifanya cheusi, hiyo sio ubovu. Akimaliza afute, akaushe, apake mafuta kidogo ya kupikia.

SWALI: Fundi, mpini wangu wa mvule umeanza kuachia chuma, ribiti bado zimekaza. Shida nini? Msomaji, Jinja.

JIBU: Dada, hicho kisu kinalala kwenye beseni la vyombo, sivyo? Mbao inanyonya maji inavimba, ikikauka inasinyaa, na maji yakishapita kwenye mwanya chuma kinaota kutu ndani kinasukuma mbao. Toa ribiti, sugua kutu yote, weka gluu ya epoksi pande zote mbili ndio urudishe ribiti, ikikauka paka mafuta ya linsidi. Alafu kioshwe peke yake kifutwe saa hiyohiyo.