Mteja yuko mtaa wa pili: majibu kwa wasomaji wanaotangaza biashara bila mitandao

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye biashara ndogo jijini Dar es Salaam ambao ama hawana muda wa mitandao ya kijamii, ama wamechoka kulipia matangazo yanayosifiwa na watu wa Mwanza ilhali duka liko Tandika. Tumechagua sita.

Mimi ni fundi friji na AC, Sinza. Ukurasa wangu wa mtandaoni uliibwa na wateja karibu wote wakapotea nao. Kazi naijua, ila simu hailii. Nianzie wapi? — Fundi, Sinza

Anzia kwenye nyumba ulizokwishaingia. Friji haina adabu ya kuharibika mchana. Inakufa usiku, samaki wanaanza kuyeyuka, na mwenye nyumba anampigia fundi ambaye namba yake iko karibu kuliko zote. Basi namba yako ikae kwenye friji yenyewe.

Chapisha stika za plastiki, sentimita 10 kwa 7. Za karatasi zinaoza kwa majimaji. Ziwe na mambo manne tu: kazi yako, eneo lako, namba mbili za simu za mitandao tofauti, na mstari mtupu. Kwenye mstari huo utaandika kwa maka peni tarehe na kazi uliyofanya, mfano "gesi R134a, 12/3". Huo mstari ndio unaomfanya mteja asiibandue stika, maana imeshakuwa kumbukumbu yake na si tangazo lako.

Ibandike ubavuni, usawa wa macho. Mlangoni inasuguliwa na kitambaa kila siku na watoto wanaichokonoa. Nyuma kuna joto la kompresa na hakuna anayepita huko. Futa kwanza kwa spiriti, kwa kuwa friji ya jikoni huwa na utando wa mafuta na gundi haishiki. Usifunike kibandiko cha kiwandani chenye modeli na aina ya gesi. Friji ya R600a ina gesi inayoshika moto, na fundi atakayekuja bila kujua hilo anaweza kuwa wewe mwenyewe miaka miwili baadaye. Kwa AC, bandika pembeni ya swichi yake ukutani, siyo kwenye mashine kule juu.

Kisha fungua daftari: jina, mtaa, mashine, tarehe. Mwenye AC mpigie baada ya miezi mitatu, kwa sababu vumbi la mjini na chumvi ya bahari huziba mapezi ya mashine upesi, na mwenye AC hugundua bili ya umeme imeshapanda. Wiki ya kwanza ya Novemba wapigie wote walio kwenye daftari. Joto kali la Dar ni Desemba hadi Machi, na ukisubiri Desemba utakuwa kwenye foleni moja na mafundi wenzako.

Watu wa kukuletea kazi wasizidi sita au saba, lakini wawe wanaojua habari mapema: dalali wa nyumba anayejua nani kahamia jana, fundi umeme, mlinzi wa geti kwenye nyumba za kupanga, muuza vipuri. Elewaneni kiasi mapema, tuseme 5,000 kwa kila kazi iliyolipwa, na umtumie kwenye simu mteja akishalipa, palepale. Mpango huu huuliwa na "nitakutoa kesho". Akidai asilimia, kataa kwa heshima. Asilimia itakulazimu kumwonyesha hesabu ya kila kazi, na siku moja atamwambia mteja faida yako.

Nauza chakula cha kuku Chanika. Duka limeingia ndani kama mita 40 kutoka lami. Nimeweka bango kubwa lenye orodha ya kila ninachouza, lakini watu wa daladala wanapita tu. — Mama Kuku, Chanika

Mama, tatizo ni hiyo orodha. Daladala ikienda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Abiria akianza kusoma bango lako akiwa mita 30, ana sekunde zisizofika tatu, tena anachungulia kwa ubavu wa dirisha. Hapo anabeba maneno manne, matano kwa shida. Andika CHAKULA CHA KUKU, mshale, MITA 40. Jina la duka liwe dogo chini, kwa sababu kuku hawali jina.

Kipimo cha herufi: kila mita 3 za umbali zinahitaji sentimita 2.5 za kimo. Kwa mita 30 ni sentimita 25. Ukigawa maneno mistari miwili na mshale chini yake, ubao wa mita 1.6 kwa 1.2 unatosha na nafasi ya kupumua inabaki. Nafasi hiyo usimruhusu fundi aijaze picha ya jogoo. Uwe na pande mbili, wa kutoka Pugu asome na wa kwenda Pugu asome. Rangi nyeusi juu ya njano inaonekana mbali. Nyekundu huchujuka mapema kwa jua letu.

Flex, yaani turubai la plastiki lililochapishwa, ni rahisi, lakini isipokazwa kwenye fremu pande zote nne inapigwa na upepo mpaka matundu ya kamba yanachanika. Ubao wa bati hudumu zaidi, kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hulikwepa: bati jipya la zinki lisipakwe rangi ya mafuta moja kwa moja. Rangi itabanduka vipande vipande kama ganda la muhogo. Lioshwe kwa sabuni, likauke, lipakwe praima ya mabati (rangi ya chini ya kushikia), ndipo rangi ifuate.

Usisimike nguzo kwenye hifadhi ya barabara bila kibali, iwe ni barabara kuu iliyo chini ya TANROADS au ya mtaa iliyo chini ya TARURA. Utakuta ubao umeng'olewa na hela yako imelala chini. Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha ofisi ya biashara ya Halmashauri ya Jiji, uulize ada ya bango. Njia nyepesi zaidi ni ukuta wa nyumba ya pale kona, kama uko nje ya hifadhi: mwenye ukuta mpe mfuko wa chakula cha kuku kila baada ya miezi kadhaa, na muandikiane, maana makubaliano ya mdomo hufa ukuta ukipakwa rangi upya. Ukutani nako uliza ada, usidhani nguzo tu ndiyo inayolipiwa.

Lakini hata bango zuri lina mpinzani mmoja, muuza vifaranga. Mtu hatafuti chakula cha kuku kabla hajawa na kuku. Tengeneza kadi ndogo yenye ratiba ya kulisha na idadi ya mifuko, umpe muuza vifaranga aiweke ndani ya kila boksi. Kuku wa nyama 100 hadi wiki ya tano hula takribani kilo 300, yaani mifuko sita ya kilo 50. Mfugaji mgeni hiyo hesabu hana. Ukimpa wewe, na namba ya duka iko chini yake, mfuko wa kwanza atakuja kuununua kwako.

Tulichapisha vipeperushi 1,000 vya saluni, tukagawa kituo cha mwendokasi. Waliokuja ni watatu. — Saluni, Kimara

Hamkuwa na mkosi. Mnamgawia karatasi mtu anayekimbilia basi, na pengine anaishi Mbezi.

Safari hii chapisha 200 tu. Karatasi moja ya A4 inatoa vipeperushi vinne vya A6, hivyo ni kurasa 50, sehemu ya kumi ya rimu. Kila fungu la 50 liwe na herufi kwenye kona: A vikae kwa fundi cherehani, B duka la dawa, C kwa mama lishe, D kwenye hosteli ya wasichana. Mahali pote pasizidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Andikeni: "Njoo na karatasi hii Jumanne au Jumatano, kuoshwa nywele ni bure ukisuka", na tarehe ya mwisho. Siku hizo mbili viti vyenu viko wazi. Jumamosi hamhitaji kumbembeleza mtu.

Karatasi zikirudi, zihesabuni kwa herufi. Kama uchapishaji ulikula 15,000 na faida ya kusuka kichwa kimoja ni 5,000, wateja watatu wanarudisha gharama. Herufi isiyoleta mtu wiki mbili iacheni, hata kama mwenye lile duka ni shoga yako.

Napika keki na mikate ya oda. Nina namba za wateja kama 300 kwenye simu. Nikiwatumia meseji za kawaida si nitaonekana msumbufu? Na gharama zake zimekaaje? — Mpishi, Tabata

Usumbufu hutokana na kutuma kila wiki bila neno jipya. Tuma ukiwa na siku, bidhaa na mwisho wa oda. Mfano:

"Keki za Mama, Tabata: mikate ya kumimina ya Idi inapikwa Ijumaa. Oda mwisho Alhamisi saa 10 jioni. Piga namba hii. Hutaki ujumbe? Jibu HAPANA."

Hiyo ina herufi 142, nafasi na nukta zikiwemo. Meseji moja hubeba 160; ukivuka, mtandao unaikata vipande vya 153 na kila kipande kinatozwa. Mtego mkubwa uko kwenye alama. Ukiweka kikatuni kimoja cha moyo, ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. Vivyo hivyo ile alama ya juu iliyopinda ambayo baadhi ya simu na kompyuta huiweka zenyewe unapoandika "ng'ombe". Ujumbe wetu wa herufi 142 ukiongezewa moyo mmoja unakuwa vipande vitatu, na kwa watu 300 unalipia meseji 900. Andika neno lingine, au hakikisha alama ni ile iliyonyooka.

Ukitumia kampuni za kutuma meseji kwa pamoja, jina la biashara litatokea badala ya namba, na mteja hawezi kulijibu wala kulipigia. Hapo "piga namba hii" na "jibu HAPANA" hazina maana. Andika namba yenyewe ndani ya ujumbe. Kwa watu 300 unaweza kutumia simu yako, makundi ya 30, siku mbili. Siku mbili ndizo zinazokupa nafasi ya kupokea oda bila kuchanganya keki ya mtu na ya mwenzake.

Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya mteja ni taarifa yake, kwa hiyo unapoichukua mwambie ni ya kumjulisha oda, na akikataa mfute siku hiyohiyo. Namba za kundi la vikoba la dada yako usiziguse.

Nikiweka spika nje ya duka ikirudia tangazo kutwa nzima? — Muuza vyombo, Buguruni

Buguruni kila mlango una spika. Masikio ya wapita njia yalishazoea, anayeumia ni muuzaji wako. Jirani akilalamika, NEMC, baraza la mazingira, na mtaa wanaweza kukusimamisha. Panga beseni moja la bidhaa kizingitini, bei ikiandikwa kwa herufi kubwa juu ya kadibodi. Kimya, na mtu anainama mwenyewe.

Natengeneza pilipili ya chupa Mbagala. Nikodi banda Sabasaba mwaka huu? — Mjasiriamali, Mbagala Rangi Tatu

Maonesho huanza Juni 28 hadi Julai 13, siku 16. Piga hesabu ya banda, posho ya mtu wa kukaa siku zote hizo, nauli na chupa za kuonjesha, kisha gawa kwa faida ya chupa moja. Ukikuta unatakiwa kuuza chupa nyingi kuliko unazoweza kupika, jibu umelipata. Banda linafaa kwa anayetafuta wauzaji wa jumla, na hata huyo ni nafuu akae chini ya banda la pamoja, mfano la wajasiriamali wa SIDO, shirika la viwanda vidogo. Daftari liwe na safu ya "anataka katoni ngapi na lini", na umpigie ndani ya siku mbili kabla hajasahau ladha.

Kwa mwaka huu tungekushauri maduka kumi ya Mbagala kwanza. Kila duka chupa sita, mali kauli (alipe akishauza), na moja ya saba iliyofunguliwa iachwe kwa muuza chipsi wa jirani. Wateja wake wataonja bila kuombwa, na chupa iwe na jina la duka la kuinunua. Tumia daftari la nakala mbili la karatasi kaboni, mwenye duka asaini idadi. Pita kila Jumatatu, hesabu zilizobaki, chukua hela ya zilizouzwa. Duka lisilolipa sita za kwanza lisipewe za pili, hata likiapa, kwa sababu mali kauli ikifika chupa 20 inageuka kuwa mkopo usio na tarehe.

Na angalia wamekuweka wapi. Pilipili kwenye chupa angavu ikikaa kwenye rafu ya dirishani inapigwa na jua, wekundu unageuka kahawia, na mteja anadhani imeharibika. Muombe muuzaji aihamishie karibu na chumvi na mafuta ya kula, au ubebe kijisanduku chako cha kadibodi chenye ukuta wa nyuma, ukiweke mwenyewe juu ya kaunta.